Nimelizwa hela ya friji, wenye app wanasema sera ya faragha hairuhusu kunipa jina la muuzaji. Ni sawa kweli?

mama_wawili:
Habari za jioni wakuu. Wiki iliyopita niliona tangazo la friji la mtumba kwenye app moja ya kuuza na kununua, picha safi, muuzaji anasema yuko Tegeta na anahama, bei laki tatu na nusu, nikampigia akaongea kistaarabu kabisa, akasema kuna mtu mwingine analifuata jioni so nitume nusu anishikilie, nikatuma. Kufika Tegeta simu haipatikani, na nyumba aliyonielekeza ni godauni la saruji. Nimewaandikia wenye app wanipe jina na anapoishi, wananijibu eti sera yao ya faragha hairuhusu. Yaani mwizi ndo ana faragha?

Kobe_Mzee:
Pole sana dada. Hao lao moja.

wakili_wa_mtaa:
Pole mama, ila hapo tu hawajakosea. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, hawawezi kumgawia taarifa kila anayelalamika. Ila isome hiyo sera mpaka chini, nyingi zina kipengele kwamba taarifa zitatolewa kwa vyombo vya dola. Nenda polisi ukachukue RB (namba ya kesi yako kwenye kitabu cha taarifa), beba skrinshoti za tangazo na meseji ya muamala. Kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 mkuu wa kituo anaweza kuwaandikia amri watoe data, na hapo hawana cha faragha. Leo leo wapigie pia mtandao wa simu, kama hela haijatolewa inaweza kuzuiwa.

dada_viatu:
Mimi nauza viatu vya watoto humo humo. Kuna mteja tuligombana sababu ya saizi tu, akawa anataka ajue nakaa wapi. Nipo na wanangu peke yangu, app wangempa ningehama. Kwa hiyo msiwatukane sana kwa hilo.

mzamiaji_US:
Sawa dada, ila kuna tofauti ya wewe na mfanyabiashara mkubwa. Huku Marekani kuna sheria ilianza Juni 2023, muuzaji akifikisha mauzo 200 ya vitu vipya yenye thamani ya dola 5,000 ndani ya miezi 12, app lazima ihakiki akaunti yake ya benki, namba ya kodi na mawasiliano, na akivuka dola 20,000 kwa mwaka mteja anaoneshwa jina na anwani. Wewe wa viatu vichache hawakugusi. Huko bongo app nyingi unafungua akaunti kwa namba ya simu tu, ndo maana nacheka, wanamficha mtu ambaye hata wao hawamjui.

Kobe_Mzee:
Ila laini si zimesajiliwa kwa kidole na kitambulisho cha taifa cha NIDA? Huyo si anapatikana

exwakala:
Mzee, mimi nimesajili laini chini ya mwamvuli miaka miwili, acha nikwambie. Kuna wenzetu mteja akiweka kidole anaambiwa "haijasoma, rudia", anarudia, kumbe kashasajiliwa laini mbili, moja anapewa ya pili inauzwa kwa hao matapeli wa meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii". Polisi wakifuatilia wanamkuta bibi wa watu yuko shambani hajui hata app ni nini. Mama, tuma RB ukipata, ila usitegemee jina utakaloambiwa ndo la mwizi. Na nyie wote mnaosoma pigeni *106# muone laini zilizosajiliwa kwa NIDA yenu

mama_wawili:
Asanteni. RB nimepata, hela walisema ilitolewa dakika sita baada ya mimi kutuma. Sasa nimepiga hiyo *106#. Zimekuja laini nne. Mimi nina mbili jamani, hizo nyingine nafanyaje??