Kisima chetu Bagamoyo kimeanza kutoa maji ya chumvi, naomba ushauri

Wakuu habari zenu. Tuko Bagamoyo, si mbali na pwani. Kisima alichimba marehemu babu kwa jembe na sururu, na miaka yote maji yalikuwa matamu, hata chai haikugeuka ladha. Tangu jirani achimbe kirefu na kufunga pampu ya kumwagilia bustani, inayonguruma mchana kutwa, maji yetu yameanza ukakasi. Sabuni haitoi povu. Mvua za masika zikikolea yanapata nafuu, kiangazi yanarudi kulekule.

Fundi anasema tuongeze kina. Mimi nasita. Ninavyoelewa, huku pwani maji baridi yanaelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini ya ardhi, na kwa hesabu za wataalamu, maji baridi yakishuka mita 1, chumvi huweza kupanda hadi mita 40. Sasa nikichimba zaidi si naifuata chumvi yenyewe?

Najua Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inadai kibali, na huku tuko chini ya Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu. Ila jirani ni mtu wa heshima, tunazikana. Nianzie kwa mwenyekiti wa mtaa, au niende bodi moja kwa moja? Na kupima chumvi, sampuli niichukue asubuhi kabla pampu yake haijawashwa, au jioni? Aliyepitia haya anisaidie.