Rangi ipi inafaa kwenye chambo laini cha kumwaga nyumbani?

Kasia_Mwanza
Habari wadau. Nina plastisoli lita 2 (plastiki ya majimaji ya PVC, inayopikwa kisha kumwagwa), kalibu ya alumini ya visamaki vya sm 10, na maikrowevu ya kazi hii tu, chakula hakiingii. Kilichobaki ni rangi. Nalenga sangara wa kando ya mawe, kwenye maji yetu haya ya kijani. Vinavyopatikana karibu: rangi ya chakula ya matone, rangi ya mafuta ya ukutani, unga wa maika (madini yanayong'aa) wa watengeneza sabuni na vipodozi, na glita ya kadi za harusi. Kipi kinafaa, kiasi gani, na kinatiwa lini?

FundiKalibu
Rangi ya chakula usiisogeze hata karibu. Ni ya maji, na plastisoli inaiva kwenye nyuzi 170 hadi 177 za Selsiasi. Tone la maji likiingia humo linageuka mvuke papo hapo, plastiki inaruka na kuganda kwenye ngozi huku bado inaunguza. Ndiyo maana hata kijiko na kalibu vinakaushwa kwanza. Ya ukutani nayo achana nayo: ina vimumunyisho vya kuwaka, na ikishachanganywa chambo kinabaki kinanata.

Maika inafaa, ila geuza kopo usome namba za CI, yaani namba za kimataifa za kutambulisha rangi. Zinazoanza na 77 ni rangi za madini na nyingi zinavumilia joto hili: 77019 ni maika yenyewe, 77891 ni titani dioksidi (nyeupe), 77499 ni oksidi nyeusi ya chuma. Mbili za kuangalia. 77492, oksidi ya njano, ukipitisha moto inaelekea wekundu wa kutu kwa sababu inapoteza maji yaliyo ndani ya fuwele zake. Na 77947 ni zinki oksidi. Usiitumie kama nyeupe, kwani zinki huharakisha kuungua kwa PVC.

Kwa ml 250 za plastisoli: maika robo kijiko cha chai inatosha kung'arisha, ukifika kijiko kizima chambo kinakuwa kama kimepakwa matope. Ukipata rangi ya majimaji iliyotengenezwa kwa plastisoli, anza na matone 8 kwa rangi inayopitisha mwanga, 20 hadi 25 kwa rangi nzito. Usimimine ovyo. Rangi hizo zimechanganywa na mafuta yaleyale yanayolainisha plastiki, kwa hiyo zikizidi chambo kinalegea na mkia unachanika kwenye ndoano.

Kasia_Mwanza
Asante sana. Kopo langu la njano limeandikwa 77019, 77891, 19140. Hiyo ya mwisho?

FundiKalibu
Tartrazini, njano ya vyakula. Haina uhakika kwenye joto hili, na jua linaipausha. Mng'ao utabaki, unjano usiutegemee.

Mama_Ndoano
Naongezea upande wa kupika, maana rangi nyingi huharibikia hapo. Koroga kopo la plastisoli polepole hadi chini, unga wake hutuama. Usitikise, utaingiza mapovu. Pasha ml 250 kwa dakika 2, koroga, kisha sekunde 30 kwa 30. Itakuwa rojo zito, halafu italegea na kuwa angavu. Kipimajoto cha miale kinasoma juu tu, kwa hiyo koroga kabla ya kupima. Ikianza umanjano na harufu kali ya kuchoma pua, imeungua na inatoa gesi ya asidi: zima, toka nje. Kazi yote ifanyike penye upepo, na barakoa yenye kichujio cha gesi za asidi. Ile ya kitambaa haizuii kitu.

Rangi za kawaida tia mapema uzikoroge vizuri. Zile kali za kuwakawaka, kama kijani-njano, tia mwishoni, moto huzififisha. Glita mwisho kabisa, kikombe kikiwa nje: nusu kijiko cha chai, chembe za mm 1 au ndogo zaidi. Ukirudisha glita ya metali kwenye maikrowevu inaweza kutoa cheche. Hiyo ya kadi ijaribu kwanza kwenye kijiko cha plastisoli ya moto kwa dakika 5. Ikijikunja au rangi ikitoka, si ya poliesta inayovumilia joto.

Jicho_la_Maji
Msihukumu rangi ndani ya kikombe. Plastisoli mbichi ni ya maziwa, na kikombe kina kina cha sm 5 au 6 wakati mwili wa chambo una unene wa sm 1 tu. Mwaga tone kwenye sahani nyeupe, liwe na unene wa chambo, liache lipoe, kisha liinue dhidi ya mwanga. Karibu kila mara utaona limepauka kuliko ulivyodhani.

Kwa maji ya kijani yenye mwani, mwanga unaofika chini zaidi ni wa kijani na njano. Kijani-njano kinaonekana, nyeusi au zambarau nzito inaonekana kama kivuli samaki akitazama juu. Nyekundu tupu ya nini? Chini kidogo inageuka giza tu. Mimi ningeanza na nyeusi yenye glita ya fedha, na ya pili ya kuiga dagaa: plastisoli bila rangi, maika nyeupe nusu ya robo kijiko, glita ya fedha ya mm 0.4.

Mama_Ndoano
Sahihi. Na msichanganye rangi kwenye mfuko mmoja. Rangi zinazoyeyuka kwenye mafuta hutembea kutoka chambo hadi chambo, nyekundu hasa: ukiziweka na nyeupe, baada ya muda nyeupe zote ni waridi, na hazirudi. Weka kwenye mifuko ya polithini. Visanduku vigumu vinavyoonyesha ndani, vya polistirini, chambo huviyeyusha na kugandamana navyo.