Kuber inahesabika tumbaku kwenye bima ya maisha?

mtu_wa_likoni:
Salaam jamani. Mie nina miaka 38, mke na watoto watatu, kazi yangu ni mambo ya mizigo hapo bandarini. Kuna ajenti ananisumbua nichukue bima ya maisha ya miaka 15, nikifa ndani ya hiyo miaka nyumbani wanapewa milioni 3, nikiwa hai ikaisha sipati hata ndururu. Sasa si ni kutupa pesa hiyo? Halafu kwenye fomu wameuliza tumbaku. Sigara nishaacha kitambo lakini kuber, ile tumbaku ya kutia chini ya mdomo, natia karibu kila siku, na tambuu ya tumbaku kukiwa na harusi. Ajenti anambia we andika LA, hao wanauliza sigara tu. Ni kweli?

bintitudor:
La pesa kupotea, hiyo ni kama bima ya tuktuk, mwaka ukipita bila ajali hurudishiwi kitu na hakuna anayelalamika. Ndo maana pia ni rahisi, ndani yake hamna akiba, unanunua kinga tu. Zile za kurudishiwa zipo lakini kwa malipo hayo hayo kinga inakuwa ndogo sana, na wewe una watoto watatu. Angalia tu miaka 15 inamfikisha wapi yule wa mwisho, kama atakuwa bado shule chukua 20 sasa, maana ukija kuanza upya na miaka 53 bei itakutisha.

Kuhusu kuber, soma swali lenyewe lilivyoandikwa usimsikize ajenti, yeye anakula kamisheni ukisaini. Fomu nyingi zinauliza umetumia tumbaku au nikotini *ya aina yoyote* miezi 12 iliyopita. Hapo kuber imo, ugoro umo, shisha imo, vepu imo, tambuu yako ya harusi pia imo. Na wakikupeleka kwa daktari wanapima mkojo au mate kutafuta kotinini, yaani kile kinachobaki mwili ukishaivunja nikotini, inakaa siku kadhaa na haijui kama ilipitia kwa moshi au chini ya mdomo.

babu_kibokoni:
Bima zenyewe zina riba na kamari ndani yake, muogope Mungu kijana.

bintitudor:
Babu shikamoo, takaful ya familia, yaani bima ya maisha ya Kiislamu, ipo Kenya, watu wanachangia mfuko mmoja wa kusaidiana. Lakini na huko fomu itakuuliza afya yako vile vile.

dereva_kongowea:
Mi nimeona kwa jirani. Mzee aliandika havuti na mtaa mzima unajua pakti haimtoki mfukoni, alipofariki kampuni ikaomba rekodi za hospitali na daktari alikuwa ameandika mvutaji, basi mjane akazungushwa wee mwisho akarudishiwa malipo tu, ile hela kubwa hakuna. Na ajenti saa hiyo ashahamia kazi nyingine. Kwahiyo yakhe ukiandika LA anayekuja kuumia ni mkeo, si wewe wala ajenti.

mtu_wa_likoni:
Duh. Sasa nikiandika NDIO bei inapanda kiasi gani?

bintitudor:
Mara nyingi mtumiaji analipa kama mara mbili ya asiyetumia, wakati mwingine zaidi, inategemea umri na kampuni. Zingine zina huruma kidogo kwa asiyevuta moshi, uliza mbili tatu kabla ya kusaini. Chukua sasa kwa bei ya mtumiaji, ukiacha kabisa ukafikisha miezi 12 waandikie wakupime upya wakushushie, ila waulize leo kama wanakubali na wakuonyeshe imeandikwa wapi, ahadi ya mdomo usiikubali. Na ukipanga kuacha kwa zile chingamu za nikotini jua zinaonekana kwenye kipimo pia.

mtu_wa_likoni:
Shukran dada. Na mwezi kazi zikiwa chini nikakosa kulipa?

dereva_kongowea:
Wengi wanakupa siku 30 hivi, ukipitisha hapo inakufa, na kuifufua wanaweza kukurudisha kwa daktari. Weka ikatwe benki siku ya mshahara.