Mtoto ananiuliza, "Mama umekuwa wa ngapi?" Nimjibuje?

MamaEzra_Isyesye:
Habari zenu wana mbio. Mimi ni mwalimu wa msingi hapa Mbeya, nina miaka 38 na watoto wawili. Mwaka huu nilipanda basi hadi Moshi, nikakimbia kilomita 42 za Kilimanjaro Marathon kwa saa 5 na dakika 20. Kile kilima cha Mweka nilikipanda kwa kutembea, lakini nilimaliza na medali nikavishwa.

Ezra, wa darasa la pili, aliniomba aipeleke shule. Jioni akairudisha ameiviringisha ndani ya soksi. "Wameniuliza mama yako wa ngapi, nikasema sijui." Namba naijua, ni ya huko kwenye mamia, nikashindwa kumtajia.

Jumamosi naamka saa kumi na moja alfajiri. Baridi ya Juni ya huku mnaijua, vidole vinakufa ganzi. Nakwepa lami kwa ajili ya malori ya Tunduma, nazunguka njia za vumbi, nikirudi uji umeshanywewa bila mimi. Kuwaacha kunaniuma. Halafu mtoto anaona nimekwenda kushindwa. Nimwambie nini?

BabaKihesa:
Pole na hongera, Mama Ezra. Mwambie habari za Alphonce Simbu, mkimbiaji wetu wa marathoni. Olimpiki ya Rio 2016 alikuwa wa tano, mashindano ya dunia ya London 2017 akapata shaba, dhahabu ya dunia akaja kuipata Tokyo 2025. Miaka yote hiyo alikuwa anakimbia tu.

MamaEzra_Isyesye:
Asante kaka, ila hapo nitamdanganya. Atasubiri siku yangu ya dhahabu, na haipo. Simbu anakimbia kwa saa 2 na dakika 9, ni kazi yake. Mimi nataka Ezra ajue kwamba mama yake ni wa mia tatu na kitu na bado kesho anaamka.

Shangazi_Njombe:
Basi mtajie hiyo namba, mdogo wangu. Umemficha, naye akaificha medali. Wangu niliwapa kazi: mmoja anashika saa, mwingine ananisubiri njia panda na chupa ya maji. Hakuna aliyeuliza tena nani kashinda, wanauliza leo nimechelewa wapi. Na hizo Jumamosi, moja kwa mwezi waachie wao. Miguu haitasahau.

MamaEzra_Isyesye:
Ndaga fijo, dada. Nimerudi kuwapa mrejesho. Nilimtajia namba. Akanyamaza, akauliza, "Nyuma yako walikuwepo?" Nikasema walikuwepo, na wa mwisho naye alivishwa medali.

Jumamosi nilimwachia saa yangu ya mkononi. Niliporudi nilimkuta kibarazani kajifunika kitenge changu, kaandika nyuma ya daftari la hesabu: "Mama saa 2 dakika 41." Uji wangu ulikuwa kwenye chupa ya chai, alimkataza mdogo wake asiuguse.