Uwanja wa gofu wa Hiawatha: mashimo 18 au 9?

Wakenya wa Minneapolis, mnaonaje? Uwanja huu wa jiji ulipatwa na mafuriko 2014, na unategemea pampu za kutoa maji; zikizimwa, ziwa la jirani linaingia uwanjani. Mwaka 2022 bodi ya bustani za umma za jiji ilipitisha mpango wa kubakiza mashimo 9 tu. Mimi nacheza pale, roho inaniuma.

— Kaka, tisa yanatosha. Kodi ya nyumba yangu nailipa kwa jiji, fimbo ya gofu sijawahi kushika. Maji yaachiwe njia yake.

— Taratibu, dada. Hapo ndipo wachezaji weusi walijijengea mashindano yao enzi za ubaguzi. Hiyo si nyasi tu.

— Historia sawa. Ila nani atalipa ada kamili kwa nusu uwanja? Hesabu hiyo ndiyo nataka kuiona.