Mhadhara wa Ijumaa, maonyesho ya ajira au kuomba siku mbili kwa watafiti: mwanachuo wa sayansi Mwanza aanze na ipi?

Binti wa Mkolani
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni. Niko mwaka wa 2 chuo kimoja hapa Mwanza, nasoma baiolojia na kemia. Nyumbani wanajua kazi mbili tu za aliyesoma sayansi, udaktari na ualimu. Mimi mwenyewe ya tatu siijui vizuri, na mwakani natakiwa kuomba fildi, yale mafunzo ya vitendo kazini.

Nina njia tatu. Chuoni kuna mhadhara wa sayansi kila Ijumaa saa 9 alasiri, mtafiti anakuja na slaidi zake, watu wanauliza maswali. Kuna maonyesho ya ajira mjini, Jumamosi nzima. Halafu rafiki yangu ananishauri niandike barua, niombe kukaa hata siku mbili kwenye taasisi ya utafiti nione watu wanavyofanya kazi. Bumu, hela yangu ya mkopo wa chuo, limebaki kidogo na mitihani inakaribia, yote siyawezi. Mngekuwa mimi mngeanza na ipi?

Mdau wa Kirumba
Maonyesho yaache. Nilienda nikiwa mwaka wa 3, nikapanga foleni juani zaidi ya saa moja, nikafika mezani nikapewa kalamu na kipeperushi. Aliyekaa pale alikuwa mtu wa utumishi, swali langu la maabara hakuweza kulijibu. Yanamfaa aliyemaliza chuo na ana vyeti kwenye bahasha.

Kichupa
Dada, mimi niko na rafiki yako. Andika barua.

Nimefanya kazi ya usaidizi kwenye utafiti wa kichocho, vijiji vya kando ya ziwa. Darasani nilikuwa nauchora mzunguko wa kichocho bila kutazama daftari. Siku ya kwanza kazini nikapewa gambuti, glavu ndefu na wavu wenye mpini. Unachota kwenye majani ya ufukweni, unamwaga kwenye trei nyeupe, unaokota konokono mmoja mmoja kwa kibano. Biomphalaria ni bapa, amejiviringa kama kamba iliyolazwa mezani, huyo anabeba kichocho cha tumbo. Bulinus gamba lake limechongoka kidogo nchani, huyo ni wa kichocho cha mkojo. Kila mmoja unamweka kwenye kichupa chake cha maji, unavipanga kwenye mwanga, unasubiri. Baadaye unaweka maji yale chini ya hadubini, na kama konokono ameambukizwa utaona vidudu vya kichocho vinahangaika humo, mkia umegawanyika panda mwishoni. Siku hiyo nilisahau kula.

Mwenzangu tuliyeanza naye aliona mapema kwamba matope na jua haviwezi. Akaomba ahamie ndani, kuhesabu mayai ya minyoo kwenye slaidi za kinyesi, na ni kazi anayoipenda mpaka leo. Ilituchukua siku mbili kujijua, yeye na mimi.

Binti wa Mkolani
Asante sana kaka. Lakini barua namwandikia nani? Simjui mtu hata mmoja huko.

Mama Takwimu
Hapo ndipo Ijumaa inapokuja, mwanangu. Barua ya "Kwa Mkurugenzi" italala masjala. Inayoanza na "Nilikuwepo kwenye mhadhara wako Ijumaa iliyopita, mimi ndiye niliyeuliza kuhusu..." inajibiwa. Fildi yangu niliipata hivyo.

Ila ukienda, usirudi na matokeo peke yake. Chukua utafiti uliofanyika hapahapa kwetu, Mwanza vijijini, 1991 hadi 1994, ukachapishwa 1995. Ulionyesha kwamba kuboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Namba hiyo utaipata kwenye slaidi. Wewe uliza ilitoka mikononi mwa akina nani. Kuna walioandikisha watu vijijini, waliowahoji mambo ya siri wakiwa wamekaa nao kwenye kigoda, waliotoa damu, walioisafirisha isiharibike njiani, waliofundisha wahudumu wa zahanati, waliofuatilia dawa zisikatike, walioingiza fomu kwenye kompyuta, waliokaa na hesabu. Mimi ni mtu wa hesabu hizo kwa miaka mingi sasa, na digrii yangu ya kwanza ni baiolojia kama yako. Hakuna aliyewahi kuniambia chuoni kwamba kazi hii ipo.

Juma_Igoma
Mbona mihadhara ya mtandaoni hamuitaji? Bando la usiku tu, unamsikia mtafiti wa Uingereza au Marekani ukiwa kitandani, nauli hakuna.

Mama Takwimu
Ni kweli Juma, kwa kujifunza somo nakubali kabisa. Ila huyo wa Uingereza hawezi kumwambia "njoo Jumanne".

Mkaguzi Nyegezi
Nampinga kidogo Mdau. Mimi kazi yangu niliikuta kwenye meza ya maonyesho, kwa sababu aliyekaa pale alikuwa mtu wa maabara mwenyewe. Ukienda, muulize kwanza kila mmoja: wewe unafanya kazi gani? Asipokuwa mtu wa fani, mshukuru uende meza nyingine.

Na tusisahau samaki. Mwaka 1998 Ulaya ilizuia samaki wetu kwa hofu ya kipindupindu, na mji huu uliumia. Minofu ya sangara haiendi huko bila cheti cha afya. Nyuma ya cheti kuna mtu anayeotesha bakteria kwenye sahani. Kipimo cha Salmonella, bakteria wa kuharisha, kwa njia hiyo kinachukua siku kadhaa, na hukiharakishi hata mwenye mzigo akipiga simu mara kumi. Kumwambia mtu mzima mwenye mali yake "subiri" ni sehemu ya kazi, na inahitaji kijana mwenye msimamo. Baiolojia na kemia, dada, ni hizohizo zako.

Binti wa Mkolani
Mrejesho. Ijumaa nilikwenda. Mada ilikuwa samaki wa vizimba, kwa nini wakati mwingine wanakufa wengi kwa mkupuo. Maji ya chini ya ziwa yenye oksijeni kidogo yakipandishwa na upepo, sato aliyefungiwa hana pa kukimbilia. Mkono ulikuwa unatetemeka, lakini nilimuuliza yule dada mtafiti: jana, tangu ulipoamka, ulifanya nini? Ukumbi ulinyamaza. Akasema aliamka saa 9 usiku kwenda kupima oksijeni, kwa sababu kabla ya kucha ndipo huwa chini kabisa. Asubuhi aliosha vifaa, mchana alikaa na namba kwenye kompyuta, jioni akaandika ombi la mafuta ya boti. Nikajikuta naitamani siku hiyo yote, hata lile ombi la mafuta.

Barua nilimpa mkononi, naye kaniambia nije Jumanne, saa 10 alfajiri niwe mwaloni. Mama ameongea naye kwa simu, karidhika. Jaketi la kuokolea lipo, gambuti nitafute mwenyewe. Kuna mwenye namba 38 wa kuniazima, Mkolani au Nyegezi?

Kichupa
Ninazo 39, vaa soksi mbili. Niko Buzuruga, kesho jioni nitakuletea mpaka stendi ya Nyegezi. Na beba sweta, ziwani saa hizo kuna baridi.