Kubadilisha waya wa taa ya mezani: upi unaingia wapi kwenye holda?

Kipepeo77
Habari zenu wakuu. Nina taa ya mezani ya zamani, mwili wa chuma, holda ya balbu ya kuzungusha. Ukigusa waya pale unapoingia kwenye kitako, balbu inapepesa, na mpira wake umekauka hadi unapasuka. Waya wenyewe ni bapa, wa pacha, rangi moja. Upande mmoja laini, mwingine una vimatuta. Ninunue saizi gani, upi uende wapi kwenye holda, na plagi nayo nibadilishe?

FundiMkimya
Kuziba mpasuko kwa tepu usifikirie kabisa. Pale waya unapopindwa kila siku, nyuzi za shaba hukatika mmoja mmoja ndani ya mpira. Zilizobaki zinapata joto, na ncha zilizokatika zinagusana na kuachana. Huko kupepesa ndiko kunakotoka. Badilisha wote, kutoka plagi hadi holda, bila kiungo katikati.

Saizi: balbu ya wati 60 kwenye volti 230 inavuta amp 0.26 hivi, kwa hiyo umeme si tatizo. Chukua milimita za mraba 0.75 kwa ajili ya uimara tu, na uwe waya laini wa nyuzi nyingi. Ule mgumu wa uzi mmoja ni wa ukutani, ukipindwapindwa unakatika.

Kabla ya kununua, geuza taa utazame lebo. Ukiona alama ya mraba ndani ya mraba, taa imetengenezwa kutumia nyaya mbili bila ethi (waya wa usalama unaoenda ardhini). Usipoiona, na mwili ni chuma kitupu, nunua kebo yenye nyaya tatu. Ile ya ethi, ya kijani na njano, funga kwenye mwili kwa skrubu, nati na kiringi bapa cha chuma (washa). Kwangua rangi mahali hapo hadi chuma king'ae, maana rangi haipitishi umeme. Ethi inahitaji pia plagi na soketi zenye ethi.

Bisibisi_Nyota
Kwenye holda ya kuzungusha ndipo wengi wanapokosea, na taa inawaka vizuri tu, hivyo hawajui. Ndani kuna sehemu mbili: kile kiulimi cha chini katikati, na ukuta wenye hesi (mizunguko inayoshika shingo ya balbu). Waya wa moto, unaoleta umeme (kahawia), lazima uende kwenye kiulimi, na nyutro, unaourudisha (bluu), kwenye hesi. Ukigeuza, hesi yote inakuwa na moto, na anayebadilisha balbu huku vidole vimegusa shingo yake anapigwa. Swichi nayo lazima ikate waya wa moto. Ikikata nyutro, taa imezimika lakini moto uko palepale kwenye holda.

Waya wako wa vimatuta ni mtindo wa Marekani: wenye vimatuta ni nyutro, unafungwa skrubu nyeupe, laini ni wa moto, skrubu ya njano. Ila usiamini kwamba aliyeufunga mwanzo alifuata hilo. Pima.

Kupitisha mpya: chomoa plagi ukutani kwanza. Fungua holda, legeza skrubu, kisha funga ncha ya waya mpya kwenye ya zamani kwa tepu nyembamba na uvute taratibu kutokea upande wa pili. Fundo la tepu likinenepa litakwama kwenye bomba. Pale waya unapoingia kwenye kitako weka kijiringi cha mpira. Bila hicho ukingo wa chuma utakula mpira mpya kama ulivyokula wa zamani.

Halafu fundo la ndani ya kofia ya holda, ili mtu akivuta waya, skrubu zisivutwe. Kwa waya wa pacha: wa kulia upite mbele ya shina (pale waya bado haujatenganishwa) ufanye kitanzi, wa kushoto upite juu ya ncha ya kulia, uzunguke nyuma ya shina, utokeze kwenye kitanzi cha kulia. Kaza. Kebo ya duara haifungwi fundo, inataka kibanio chake.

Kipepeo77
Asanteni sana. Lebo haina mraba, nachukua ya nyaya tatu. Ncha nizichovye lehemu zisitawanyike?

FundiMkimya
Hapana. Lehemu ni laini, ikibanwa na skrubu inatambaa taratibu hadi skrubu inalegea, kisha joto. Chuna milimita 6 hadi 8, sokota nyuzi kuelekea saa, na uzungushe kwenye skrubu upande huohuo wa saa ili ikikazwa iuvute waya ndani. Uzi mmoja tu ukibaki nje na kugusa mwenzake ni shoti.

Plagi ya zamani ikiwa na nyufa au alama za kuungua, tupa. Kama ni ya pini tatu bapa yenye fyuzi, weka ya amp 3, si 13. Waya wa moto unaenda upande wa fyuzi, na ethi iache ndefu kidogo ili kebo ikichomoka, iwe ya mwisho kukatika. Kibanio kibane ganda la nje la kebo, si nyaya zenyewe.

Bisibisi_Nyota
Kabla ya kuchomeka, toa balbu, weka mita ya umeme kwenye mlio (inalia njia ikiwa imeunganika):
- pini ya moto na kiulimi: inalia swichi ikiwashwa, kimya ikizimwa
- pini ya nyutro na hesi: inalia daima
- pini ya moto na ya nyutro: kimya
- pini ya moto na mwili, kisha nyutro na mwili: kimya zote
- pini ya ethi na mwili: inalia, chini ya omu 1

Pindapinda waya kwenye kitako huku unapima. Mlio ukikatikakatika, fungua tena, kuna skrubu haijakaza.